Mtoto Ambaye Daktari Hakumzaa

Sehemu ya saba

Tangu Jumanne ile chakula hakipiti. Nasema mapema ili msije mkadhani nasimulia haya nikiwa nimeshiba.

Kwa anayenikuta leo, ni hivi. Nilifukuzwa gereji kwa sababu ya mdomo wangu, nikaokotwa na mama mmoja mshauri wa watu wenye mawazo mazito. Kliniki yake iko ghorofani, juu ya duka la vioo. Wote tunamwita Daktari. Wateja wanamwandikia kwa simu saa yoyote, na wanajibiwa kwa upole mpaka wanalia. Ila hawajibu yeye. Kuna mashine kwenye kompyuta inasoma ujumbe na kutunga jibu, halafu kuna mtu anabonyeza "Tuma".

Huyo mtu ni mimi. Kidato cha pili sikumaliza.

Mashine inaupa kila ujumbe rangi. Kijani, mteja yuko sawa. Njano, mwangalie. Nyekundu, Daktari aache kila kitu ampigie mwenyewe ndani ya saa moja. Jumanne, mteja Namba Arobaini na Moja, mama aliyefiwa na mwanawe, aliandika: "Watoto waliobaki nimewapeleka kwa bibi yao. Nyumba nimefagia. Asante kwa yote, Daktari." Ikawaka nyekundu. Lakini Daktari alikuwa hotelini anahutubia washauri wenzake, na asubuhi alikuwa ameshaniambia hataki kuona nyekundu siku hiyo.

Nikaigeuza njano. Kwa kidole hikihiki.

Mlionitukana kwa barua za gazeti hili, asanteni. Msichoke, leo mtahitaji matusi mapya.

Jumatano, kimya. Alhamisi asubuhi, kimya. Nilimwandikia Arobaini na Moja mara tatu. Hakusoma hata moja.

Daktari akaingia saa tatu, beji ya mkutano bado inaning'inia shingoni.

"We Mchecheto, unaumwa? Mbona umetulia?"

Wananiita Mchecheto kwa kuwa siwezi kukaa kitini dakika mbili. Siku hiyo nilikuwa nimeganda kama sanduku.

"Arobaini na Moja hajaandika tangu Jumanne."

"Ana shughuli zake."

"Alituma nyekundu."

Daktari hutafuna pipi za mnanaa kutwa nzima. Akaacha kutafuna.

"Mimi sikuona nyekundu."

"Niliigeuza njano."

"Nani alikuruhusu?"

"Wewe. Ulisema Jumanne hutaki kuona—"

"Niliandika wapi?"

"Ulisema kwa mdomo."

"Haya, nionyeshe huo mdomo kwenye kompyuta."

Akaivua beji, akaiweka mezani taratibu kama kitu cha dhahabu.

"Jana na juzi nimesimama mbele ya watu mia mbili," akasema. "Unajua nilizungumzia nini?"

"Sijui."

"Maadili. Kwamba mashine isije ikachukua nafasi ya moyo wa binadamu. Walisimama kunipigia makofi, Mchecheto. Walisimama! Halafu narudi huku nakuta wewe umeniharibia."

"Tumpigie sasa hivi."

"Tukimpigia sasa itaonekana tumempigia Alhamisi. Tumia akili. Fungua faili lake. Jumanne, saa tano asubuhi. Andika mteja alipigiwa na mshauri."

Nikafungua.

"Kwa dakika ngapi?"

"Kumi." Akafikiri. "Hapana, kumi na mbili. Kumi inaonekana ya kubuni."

"Alisema nini?"

"Ametulia. Ana matumaini. Andika, unanitazama nini?"

Nikaandika. Alikuwa ameinama juu ya bega langu, harufu ya mnanaa inanipiga shavuni, anasoma herufi moja moja nisije nikakosea. Tangu siku hiyo mtu akila pipi ile karibu yangu mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu. Nimeandika kwamba mtu ametulia, na hapo sijui hata kama anapumua.

Mlango wa mapokezi ukagongwa.

Nikatoka. Mama mmoja mrefu, gauni limepigwa pasi, mkoba kakumbatia tumboni kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Una miadi?"

"Marahaba. Sina. Na wala sijui humu ndani mnaniitaje." Akanitazama. "Mimi ndiye niliyeandika Jumanne kwamba nimefagia nyumba."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumfokea, kwamba simu yake ina ubaya gani hata ashindwe kusoma!

"Simu ilizimika," akasema kabla sijauliza. "Niliizima mwenyewe. Daktari yupo?"

Nikamwingiza. Mngemwona Daktari mngechoka. Sauti iliyokuwa inanikaripia sasa hivi ilishalowekwa kwenye asali. "Karibu mama, karibu sana, kaa hapa. Kijana, mletee mama maji." Kwa macho akaniuliza ni nani. Nikamwonyesha vidole vinne, halafu kimoja. Rangi ikamrudia usoni.

Narudi na glasi, nasikia mama anasema:

"Leo sikuja kwa ajili yangu. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini, mama?"

"Ya mtoto wako."

Daktari hana mtoto. Hakuwahi kuwa naye, na mwenyewe husema kabisa hataki kusumbuliwa.

Hili nilitakiwa kuanza nalo tangu mwanzo. Nimezunguka kwa sababu naona aibu.

Wiki tatu nyuma, Arobaini na Moja aliandika kwamba anaacha. Mashine ikamtungia: "Naelewa kwamba unapitia kipindi kigumu." Mimi nikatuma. Akajibu: "Huelewi. Hakuna anayeelewa. Kesho sitaandika tena." Mashine ikatunga: "Naelewa hisia zako."

Nikapandwa na hasira. Unaambiwa huelewi, unajibu unaelewa! Nikafuta. Nikaandika ya kwangu.

Niliandika: "Mimi nilizika mtoto wa miezi kumi na minne. Nguo zake ziko kwenye beseni chini ya kitanda. Kila Jumapili nazifua, ingawa hazijachafuka. Nazianika ndani, kwenye viti, majirani wasione. Jumatatu naenda kazini. Sijui nafikaje, ila nafika."

Nikabonyeza Tuma, kwa jina la Daktari.

Hayo si ya Daktari, na si yangu. Ni ya dada yangu, ninayeishi kwake, anayenilisha. Mwaka jana nilimkuta na lile beseni nilipoingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Hata shemeji, anayefanya kazi mbali, hajui. Dada alinishika sikio kama nina miaka saba. "Ukimwambia mtu, wewe si ndugu yangu. Umesikia? Tusijuane." Nikaapa.

Na mimi nikalichukua lile neno nikampa mtu baki, ili asiache kuandika. Mnajua kilichonichefua zaidi baadaye? Siku ile nilijisifu. Nilijiona mimi ndiye daktari.

Sasa turudi ofisini kwa Daktari. Daktari alinitazama sekunde mbili. Nikajua atasema, mama, kuna makosa yamefanyika. Namba yake ya leseni iko ukutani, imewekwa kwenye kioo, na kiapo chake pembeni. Atasema tu.

Akaweka mkono kifuani.

"Ahsante, mama," akasema. "Ni mzigo ninaoubeba kimya kimya."

Na chozi likatoka. Chozi kabisa, la maji, likateremka mpaka kidevuni. Pipi ilikuwa bado shavuni, naiona ilivyotuna.

"Hukuniambia jina lake," mama akasema.

Macho ya Daktari yakazunguka chumba. Ukutani, dirishani, kwenye kalenda. Yakatua kifuani kwangu, kwenye kitambulisho cha kazi. Akataja jina. Si Mchecheto, lile alilonipa mama yangu mzazi.

"Jina zuri," mama akasema.

"Alikuwa mtundu sana."

Nikauawa palepale, glasi ya maji mkononi, nikiwa na miezi kumi na minne.

"Jumanne nilikuwa nimeshaamua," mama akaendelea. Alikuwa anaongea taratibu, anatazama mikono yake. "Nikasema nisome ule ujumbe wako mara ya mwisho. Nikasema kumbe kuna mwanamke anafua nguo zisizo na mwenyewe, halafu Jumatatu anaenda kazini. Kama huyo yupo, na mimi naweza kufika Jumatano. Nikafika Jumatano. Leo Alhamisi, Daktari."

"Ndiyo kazi yetu," Daktari akasema, anajifuta.

"Zile nguo bado unazo?"

"Ninazo. Kabatini."

"Kabatini?"

"Chumbani kwangu. Siwezi kuzitupa."

"Na ukizifua?"

"Naanika nje, kwenye kamba. Jua linanipa faraja kidogo."

Mama akamkazia macho. Mimi nilitaka sakafu ifunguke. Ule ujumbe upo kwenye kompyuta, umbali wa mkono mmoja kutoka alipokaa Daktari, na wiki tatu nzima hakuwahi kuusoma. Jina lake ndilo limeusaini.

Mama akanywa maji yote, akanirudishia glasi. Akakitazama kitambulisho changu. Akasimama.

"Asante, Daktari. Nimepata nilichokuja kukitafuta."

"Karibu wakati wowote, mama yangu. Wakati wowote."

Mlango ulipofungwa, Daktari alijitupa kitini akacheka kama mtu aliyekoswa na gari.

"Mchecheto! Ule ujumbe uliutoa wapi?"

"Nilitunga."

"Una kipaji. Nitafutie ulipo, naupeleka mwenyewe kwa wateja wote waliofiwa na watoto. Wote."

"Daktari, ni uongo."

"Yule mama amekufa?"

"Hapana."

"Sasa uongo uko wapi? Mimi nimesoma miaka sita, yeye kaokolewa na mistari michache. Unataka nimkimbilie ngazini nimwambie samahani, hakuna mtoto, rudi kwenye mawazo yako? Hayo ndiyo maadili unayoyataka wewe?"

Na mpaka leo naandika haya, lile swali sijaliweza. Hilo ndilo linaniuma, kwamba mtu mchafu kiasi kile aliniuliza swali la kweli.

"Umeniua," nikasema.

"Nini?"

"Umesema jina langu."

"Aa. Lilikuwa karibu." Akafungua pipi nyingine.

"Na ile ya dakika kumi na mbili? Niifute?"

"Uifute ya nini? Sasa ndiyo imekuwa kweli. Si umemwona? Ametulia."

Nilikimbilia chooni. Yaliyotokea huko hayafai gazetini.

Nilipotoka nikaiweka simu ya ofisi mfukoni, nikasema nakwenda kununua karatasi. Sikuwa na nia ya karatasi. Nilitaka hewa.

Chini, kwenye ngazi ya mwisho mbele ya duka la vioo, mama yule alikuwa amekaa. Gauni lake la pasi kwenye vumbi, hajali.

"Njoo hapa, kijana."

Nikaenda.

"Pale juu wewe unafanya kazi gani?"

"Napokea wageni, mama."

"Na anayeandika ni nani?"

"Daktari."

"Nitakuchapa vibao." Alisema bila kupandisha sauti. "Jina la marehemu nimelisoma kifuani kwako wakati unaniletea maji. Anayeandika ni nani?"

Nikakaa chini. Nikamwambia. Mashine, rangi, kidole. Njano ya Jumanne nayo nikamwambia. Dakika kumi na mbili. Wapita njia wanatukanyaga, mwenye duka anatuambia tusizibe njia, mimi naendelea tu kama bomba lililopasuka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Hayo mengine tutayazungumza. Mimi nina swali moja. Mwanamke wa beseni yupo, au hayupo?"

"Mama..."

"Kama hayupo niambie hapahapa. Nimefika Alhamisi kwa ajili yake. Nisije nikarudi nyumbani naegemea hewa. Yupo?"

Juu kuna kiapo kwenye kioo ukutani, mwenyewe anakiangalia kila siku na hakimwambii kitu. Mimi sina kiapo chochote ukutani. Nimeapa mara moja tu, nimeshikwa sikio, mbele ya dada yangu.

"Yupo," nikasema.

Akaniachia mkono.

"Ni nani?"

"Dada yangu. Tumbo moja."

"Anajua kwamba nimesoma habari zake?"

"Hajui."

"Anajua wewe umeziandika?"

"Hajui. Alisema nikimwambia mtu, tusijuane."

Mama akanitazama jinsi mtu anavyotazama kilichomnasa kwenye soli ya kiatu.

"Yule wa juu ni mwongo," akasema. "Lakini yeye ananidanganya mimi, mtu asiyemjua. Wewe umemwibia anayekupikia. Wewe ni mchafu zaidi."

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo mama. Nipeleke."

"Wapi?"

"Kwake. Nikamwone kwa macho yangu."

"Ataniua."

"Wewe umeshakufa leo asubuhi. Simama."

Tukatembea. Nusu saa kwa miguu, yeye mbele ingawa njia naijua mimi. Kila nikipunguza mwendo anageuka. Njiani aliuliza kitu kimoja tu.

"Anafanya kazi gani?"

"Kiwanda cha mikate. Zamu ya alfajiri. Saa hizi amesharudi."

"Na Jumatatu huwa anakwenda?"

"Hajawahi kukosa, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akazidisha mwendo. Nikaona anafuta jicho kwa mgongo wa mkono, haraka, kama anafukuza inzi.

Ufunguo ninao, lakini nilibisha hodi. Dada akafungua, kitambaa cha kazini bado kichwani, unga kwenye nyusi.

"Umefukuzwa tena?" Halafu akamwona mgeni. "Jamani, karibu mama. Samahani, huyu kakufanyia nini?"

"Mimi hajanifanyia kitu," mama akasema. "Amekufanyia wewe."

Dada akacheka kidogo, akidhani ni utani. Akanitazama. Kicheko kikaisha.

Mama akatoa simu kwenye mkoba, akaiwasha, akautafuta ule ujumbe wa wiki tatu nyuma. Akampa.

"Soma, mwanangu. Halafu uniambie kama ni wewe."

Dada husoma huku midomo inacheza, tangu shule. Nilikuwa najua amefika wapi kwa kuangalia midomo. Mtoto. Miezi. Nguo. Ilipofika kwenye beseni, ikasimama.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi. Akasoma mpaka mwisho. Unga ule usoni, sasa hata chini ya unga alikuwa mweupe.

"Na wewe?" dada akamuuliza mama.

"Wa kwangu alikuwa na miaka sita. Jumanne hii nilitaka kumfuata. Hicho ulichoshika ndicho kilichonizuia."

Dada akasogea pembeni, akamshika mama kiwiko, akamwingiza ndani. Mimi nikainua mguu nifuate.

Mlango ukafungwa usoni kwangu. Komeo likaingia.

Nikasimama pale nje kama mdai. Ndani nikasikia kitanda kinasogezwa. Nikasikia kitu cha plastiki kinaburutwa sakafuni. Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia, na sikuweza kujua ni yupi, halafu wa pili akajiunga naye na sikuhitaji tena kujua.

Nikajiambia, basi, pengine limeishia salama. Mjinga mimi.

Simu ya ofisi ikatetema mfukoni. Ikatetema tena. Ikawa haikomi.

Nyayo zikaja mpaka nyuma ya mlango.

"Wewe." Ilikuwa sauti ya dada, ngeni, kama ya mtu wa mapokezi. Hata Mchecheto hakuniita.

"Naam, dada."

"Zaidi ya huyu mama, kuna mwingine amesoma?"

Nikatoa simu. Ujumbe ulikuwa unapanda wenyewe kiooni. Daktari ameutuma ule wa beseni kwa wateja kumi na tisa. Wamesoma kumi na mmoja. Kumi na wawili. Chini yake majibu yalikuwa yanaingia, "Pole Daktari", "Pole sana mama", na moja lilikuwa nyekundu.

"Nimekuuliza. Ni yeye tu?"